Mtoto anatoka shule saa saba mchana, mimi narudi saa moja usiku. Nifanyeje?

Shangazi, salaam nyingi.

Nimezoea kusoma shida za wenzangu hapa, leo nimeleta yangu.

Mimi ni mzaliwa wa Busia, naishi Nsambya hapa Kampala, kwenye muzigo, nyumba ya kupanga ya chumba na sebule. Mume wangu ni askari, amepangiwa Moroto, nyumbani anakuja akipata likizo. Nauza mitumba ya watoto kule soko la Owino. Ukitaka nguo nzuri lazima uwepo belo linapofunguliwa, kwa hiyo natoka alfajiri, na kwa foleni za jioni ninafika nyumbani saa moja, saa nyingine saa moja na nusu usiku.

Nina watoto wawili. Mkubwa ni mvulana wa miaka 12, yuko darasa la sita. Mdogo ni msichana wa miaka 8, darasa la pili. Shule yao iko karibu, wanatembea. Shida ni kwamba mdogo anatoka saa saba mchana na kaka yake anatoka saa kumi na moja jioni. Nilikuwa na dada wa kazi, akaolewa baada ya Idi, na hawa ninaowapata sasa wanataka mshahara ambao mitumba haitoi. Basi binti nimemtungia ufunguo kwenye kamba ya kiatu, anauvaa shingoni chini ya sweta. Akifika anafungua, anakula kiporo, anajifungia mpaka kaka yake arudi. Kaka akirudi anawasha sigiri ya makaa na kubandika chai. Mvua ikinyesha anaiwashia ndani. Ndivyo tunavyoishi.

Juzi kulikuwa na mvua kubwa, soko likavunjika mapema. Nilipofika nikamkuta binti ameketi kwenye ngazi ya jirani, bado yuko na sare ya shule, kichwa ameegemeza ukutani, amelala. Kumbe ndani anaogopa. Kila siku hukaa pale kwenye ngazi, mimi najua amejifungia. Nikauliza kaka yuko wapi, nikaelekezwa kibanda cha video kule chini karibu na reli. Nikamkuta amebanwa katikati ya wanaume wazima, filamu ya mapanga, VJ na kipaza sauti chake anatafsiri kwa Kiganda, watu wanaangua vicheko. Kiingilio anatoa kwenye pesa ninayomwachia ya mkate. Nilimchapa, Shangazi, pale pale mlangoni, watu wakitazama. Tangu siku hiyo ananijibu "ndiyo" na "hapana" basi.

Sasa kila mtu ana ushauri wake. Mwalimu wake anakusanya watoto kwa masomo ya ziada jioni na wakati wa likizo. Anataka 150,000 kwa likizo moja, na anasema bila hayo PLE ya mwakani, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mtoto hataiona. Kanisa moja la jirani lina programu ya watoto baada ya shule, Jumatatu hadi Ijumaa, bure kabisa. Wanawapa uji, wanawasaidia kazi za nyumbani, halafu michezo. Jirani yangu anawapeleka wake. Lakini sisi ni Waislamu, watoto wanasoma madrasa Jumamosi na Jumapili, na sijui mume wangu atasema nini akisikia neno kanisa.

Rafiki yangu wa sokoni yeye ananisukuma kwenye kambi. Iko likizo ya mwisho wa Agosti, siku tano kando ya ziwa, 400,000 kila mtoto. Mwanawe alienda, akarudi anajitandikia kitanda na kuosha vyombo bila kuambiwa. Nimeanza kuweka pesa kidogo kidogo. Mume wangu anasema kambi ni mambo ya watoto wa matajiri wa Kololo. Na mimi nina hofu yangu nyingine, binti bado anakojoa kitandani mara moja moja, sitaki akachekwe huko. Mwisho mama mkwe aliyeko Iganga anasema niache kuhangaika, niwapeleke wote kwake wakasome huko.

Naomba uniambie lipi nilifanye, maana pesa ni moja na mimi ni mmoja.

Mama wa wawili, Nsambya

Mama wa wawili, salaam.

Nianze na jambo ulilolipita mbio, hilo la sigiri kuwashwa ndani mvua ikinyesha. Makaa yanayoua hayafuki moshi. Ni yale yaliyokolea, mekundu, mazuri, mtu anayaona yametulia akafunga mlango na dirisha. Hewa yake haionekani wala hainuki. Kichwa kinauma, usingizi unamchukua mtoto, na wewe uko kwenye foleni ya Clock Tower. Kuanzia leo sigiri haiingii ndani, hata kunyeshe gharika. Chai ichemshwe alfajiri, iachwe kwenye chupa. Hili fanya leo, mengine tuyajadili baadaye.

Umenipa njia nne, kwa kweli tano ukihesabu hiyo ya ufunguo. Kabla hujalipa hata shilingi, weka kila njia mbele ya saa yako. Shimo lako liko kati ya saa saba mchana na saa moja usiku, siku zote za shule, muhula baada ya muhula. Kambi ni siku tano. Masomo ya mwalimu yatamshika mvulana, binti atabaki kwenye ngazi ya watu. Iganga inawaondoa watoto nyumbani, lakini wewe ulichotaka ni kuwa nao. Kati ya yote uliyoandika, ni ile programu ya kanisani peke yake iliyokaa kwenye saa zako, kwa hiyo hapo ndipo nitakaa zaidi.

Unakumbuka shule zilipofungwa Machi 2020 zisifunguliwe kikamilifu mpaka Januari 2022. Watoto kama milioni 15 nchi nzima walikaa nyumbani, hakuna nchi iliyofunga kwa muda mrefu kuliko sisi. Wazazi wengi wa sokoni waligundua wakati ule kwamba shule huwa inawafanyia kazi mbili. Inafundisha, na inamweka mtoto mahali penye mtu mzima mwenye kujua jina lake. Hiyo kazi ya pili darasa la pili inaishia saa saba mchana, na hakuna aliyekuuliza wewe unatoka kazini saa ngapi. Programu za baada ya shule zipo kwa ajili ya hiyo kazi ya pili. Kwa hiyo usiione haya, na usidhani ni za watoto walioshindikana.

Sasa hilo la kanisa. Mimi ningeanza na geti kabla ya dini. Chagua siku ya soko baridi, mwachie jirani wa kibanda chako akuangalizie bidhaa, uende pale saa nane mchana bila kutangaza. Simama uangalie. Kuna mtu getini? Anakuuliza wewe ni nani na umemfuata mtoto gani, au unapita tu kama unaingia mtaa wa maduka wa Kikuubo? Mtu mgeni akipita tu na wewe umepita tu, basi na yule usiyemtaka atapita tu. Angalia vyoo viko wapi na nani anawaona watoto wanaoenda huko. Uliza watu wazima ni wangapi siku ya kawaida, siyo siku ya wageni. Uliza kama kuna wakati mtoto anabaki na mtu mzima mmoja chumbani mlango umefungwa, na umtazame usoni anayejibu. Uliza nani anaruhusiwa kumchukua mtoto jioni, na kama wanaandika. Uliza mtoto akikosea wanamfanya nini. Sheria ya Watoto ilivyorekebishwa mwaka 2016 imekataza viboko shuleni, na mahali pazuri hata pasipo shule hawatakuona mshamba kwa kuuliza. Halafu uliza picha. Programu nyingi za bure zinaendeshwa kwa pesa za wafadhili, na wafadhili wanapenda picha. Una haki ya kusema mwanangu asipigwe picha akiwa na kikombe cha uji, na bado akapewa uji.

Maswali yote hayo ni ya dakika kumi. Wenye nia njema wanayapenda, kwa sababu mzazi anayeuliza ni mzazi ambaye wataweza kumpigia simu. Ukiona wanakasirika, wameshakujibu.

Dini sasa. Mnaishi kati ya vilima viwili, Nsambya wenye misheni yao na Kibuli wenye msikiti wao. Waislamu wanajifungulia hospitali ya Nsambya, Wakristo wanatibiwa Kibuli, na kila mtu anarudi kwake na imani yake. Kwa hiyo mlango wa kanisa peke yake haumgeuzi mtoto. Kinachohitaji kujulikana ni kinachofanyika ndani, nawe kiulize waziwazi. Je, kuna somo la Biblia, na ni saa ngapi? Mtoto wangu anaweza kufanya kazi yake ya shule wakati huo? Kwenye karamu ya mwisho wa muhula nyama inachinjwa na nani? Mwezi wa Ramadhani akitaka kujaribu kufunga mtamlazimisha uji? Ziko programu za kanisani zinazopokea watoto wa kila dini na zimeshazoea maswali haya. Ziko nyingine ambazo bure yake ina sharti la ibada ya Jumapili. Ukikuta ni ya pili, shukuru uondoke, hawajakukosea kitu, ni nyumba yao. Lakini mume wako aambiwe kabla, siyo baada. Mwambie kwa simu kwa utulivu, umwambie na habari ya ngazi na ya kibanda cha video kama ulivyoniambia mimi. Baba akiijua ngazi, neno kanisa litapungua uzito.

Na ikiwa hata hivyo mlango huo ni mgumu kwenu, nenda kwa ustadhi wa madrasa ya watoto wako. Wanasoma Jumamosi na Jumapili. Jumatatu hadi Ijumaa jamvi liko pale na ua upo. Kampala haikosi mabinti na vijana waliomaliza S.6, mwisho wa sekondari, wanaosubiri chuo, wanakaa nyumbani miezi mizima wakitazama simu. Wazazi watatu mkiungana mnaweza kumlipa mmoja laki mbili kwa mwezi, awashike watoto wenu kuanzia saa saba, awasomeshe hadithi, awasimamie kazi za nyumbani. Mwenyekiti wa LC1, yaani wa serikali ya mtaa, ajue, ustadhi ajue, na asikae nao peke yake ndani. Piga hesabu: kambi ya watoto wako wawili ni 800,000 kwa siku tano. Pesa hiyo hiyo, hata ukimlipa binti huyo wewe mwenyewe bila kuchangiwa na mtu, ni miezi minne. Mkichangia watatu, ni mwaka.

Kabla hatujamwacha binti, kuna mtu hatujamtaja. Jirani mwenye ngazi. Mtoto wa miaka 8 amezunguka milango yote ya ua huo, akachagua ngazi moja. Nenda ukajue kwa nini. Inawezekana pana mama anayefua hapo mchana, anamsalimia, anampa muhogo. Kama ni hivyo una mlezi ambaye hujamshukuru, na inabaki kukubaliana naye vizuri, ukiongeza na sukari kilo moja kila wiki. Lakini jua pia nani mwingine anaishi humo, nani anaingia mchana, na umuulize binti kwa upole, mkiwa wawili, kama kuna mtu aliyewahi kumwita ndani au kumtuma kitu ambacho hakukipenda. Usimuulize kama polisi. Muulize mkichambua maharage. Mfundishe namba 116. Ni simu ya watoto ya serikali, inaitwa Sauti, haihitaji salio, na hata mtu mzima anaweza kuipiga akiwa na wasiwasi juu ya mtoto. Ufunguo nao utoe shingoni. Mtoto mwenye ufunguo shingoni anamtangazia kila apitaye kwamba nyumbani hakuna mtu.

Mvulana ana habari yake. Umesema filamu ya mapanga, na najua ndiyo picha iliyokuganda. Mimi nimeona kitu kingine kwenye barua yako: VJ anatafsiri, watu wanaangua vicheko. Mtoto wa miaka 12 anatoka darasani saa kumi na moja, nyumbani kuna sigiri ya kuwasha na mdogo wa kulinda. Baba yuko Moroto, mama yuko Owino. Amekuwa mwenye nyumba kabla hajaota ndevu. Kule chini kuna chumba chenye giza, wanaume, na mtu mwenye kipaza sauti anayewachekesha wote. Hata mimi ningeenda. Simtetei, kibanda kile si mahali pake, na hapo jirani hakukosi duka la kubeti, ambalo sheria ya mwaka 2016 inalikataza kwa yeyote aliye chini ya miaka 25 lakini mlango wake tunaujua. Nasema tu kwamba ukimtoa kibandani bila kumpa chumba kingine chenye watu na kicheko, atatafuta kingine mwenyewe.

Na vyumba hivyo vipo, tena si mbali nawe. Vuka Kibuye uingie Katwe. Mwaka 2004 Robert Katende alianza kuwakusanya watoto pale kuwafundisha chesi, na kilichowavuta wengi ni kikombe cha uji. Phiona Mutesi, mtoto wa mtaa huo asiyekwenda shule, hajui chesi ni kitu gani, alifika pale akimfuata kaka yake. Mwaka 2010 alikuwa Urusi akiiwakilisha Uganda kwenye Olimpiadi ya chesi. Watu wanaposimulia habari hiyo wanang'ang'ania Urusi. Wewe angalia upande wa huku: mahali pa karibu, pa bure, pana uji, na yule yule mtu mzima anayerudi kesho na kesho kutwa. Mtoto wako si lazima awe bingwa wa chochote. Anahitaji hayo manne.

Kama miguu yake haitulii, Breakdance Project Uganda imekuwa ikifundisha vijana kudansi bila malipo tangu 2006, na wanaofundisha ni vijana waliofundishwa humo humo. Katwe ina klabu zake za ndondi pia, ila ndondi nenda ukamtazame kocha kwanza, wapo wanaolea na wapo wanaotafuta wa kupigwa. Shule yake ikiwa na skauti, muulize mwalimu wa skauti. Huyo mvulana muulize mwenyewe, lakini siyo kwa swali la "unataka nini maishani". Muulize ni VJ gani mkali zaidi na kwa nini. Ukimpa nafasi atakuigizia, na utakuwa umejua kama wa kumpeleka ni kwenye chesi au kwenye kikundi cha maigizo.

Hilo la kumchapa mbele ya watu ulilitaja mwenyewe, nadhani kwa sababu linakuuma. Mwambie hivyo. "Nilikosea kukuaibisha, lakini kibandani hurudi." Maneno hayo mawili yanakaa pamoja bila kugombana. Wamama wengi wa kwetu wanadhani kumwomba mtoto radhi ni kushuka cheo. Huyo wako ameshakununia, cheo gani tena unakilinda? Na baba ampigie mvulana mwenyewe, simu ya mwanamume kwa mwanamume, siyo zile salamu za kupitia kwako. Mara moja kwa wiki inatosha kama haikosi. Simu ya kwanza isiwe ya kugomba, umwambie hivyo na yeye.

Mwalimu na 150,000 zake, jibu langu ni hapana. Wizara ya Elimu imepiga marufuku masomo ya likizo mara nyingi hata imechoka, na kila likizo unaona sare za shule barabarani. Mtoto wa darasa la sita bado ana mwaka mzima na zaidi kabla ya PLE ya Novemba. Akiwa dhaifu kwenye hesabu, msaada wa kazi za nyumbani kila jioni utamfaa kuliko wiki tatu za kukaririshwa majibu. Mkatalie mwalimu kwa heshima, maana bado atamfundisha. Sema tu hali ya soko ni mbaya, na wala hutakuwa umedanganya.

Iganga, wapeleke Desemba, likizo ndefu, wiki mbili tatu. Wachimbe viazi na bibi, wasikie Kisoga, mvulana apande miti bila kuitiwa polisi. Kuwahamishia shule huko ni jambo jingine. Mvulana anakaribia kusajiliwa kwa mtihani, na mama mkwe ameshalea watoto wake. Anayewaambia "waleteni" kwa upendo leo, mwakani atakuwa anachota maji ya watu watatu. Ukimpelekea wajukuu, pesa ya chakula itangulie.

Kambi umeniachia swali la kweli na nitakujibu. Sipingi kambi. Mtoto akilala siku tano mahali pasipo mama, akapika kwa zamu, akaogopa usiku na kukapambazuka, kuna kitu kinakaa ndani yake. Rafiki yako hakukudanganya kuhusu kitanda. Tena si za Kololo peke yake. Skauti wanapiga hema Kaazi kando ya Ziwa Victoria miaka na miaka, na wengi wao ni watoto wa shule za kawaida za mitaani. Lakini kwa mwaka huu, na pesa ni moja kama ulivyosema, kambi ije baada ya kuziba yale masaa. Kama ukipata nafasi ya mmoja, aende mvulana. Waulize waandaaji kama wana nafasi za nusu malipo, wengine huwa nazo na hawazitangazi. Na kwa kuwa ni ziwani, kabla ya chakula na michezo uliza nani anawaangalia watoto majini na kama anajua kuokoa mtu. Uliza wavulana wakubwa wanalala na wadogo au mbali nao, na mlezi analala wapi. Uliza vyandarua. Uliza zahanati ya karibu iko umbali gani na gari linalala hapo au linaondoka. Ukiambiwa mzazi haruhusiwi kupiga simu siku zote tano, uliza kwa nini, na usikubali jibu la "ndivyo tulivyozoea".

Binti na kukojoa kitandani, usimfanye aone ni ugonjwa wa aibu. Watoto wa miaka 8 wanaokojoa usiku ni wengi kuliko mama zao wanavyosema kanisani na msikitini. Hauponi kwa viboko wala kwa kumwanikia godoro mbele ya ua. Lakini kama alikuwa ameacha na ikarudi miezi hii ya ufunguo, hofu ya kukaa peke yake inaweza kuwa na mkono hapo. Ikiambatana na maumivu au kiu isiyoisha, mpeleke kituo cha afya. Siku ya kambi yake ikifika, mwambie mlezi mmoja tu wa kike, faragha, amwamshe usiku. Walezi wa kambi wenye uzoefu wanayo shuka ya akiba na hawaulizi maswali. Ukimwambia mlezi akacheka, umejua kambi hiyo si yake.

Wiki hii basi: sigiri nje, simu ya Moroto, jirani mwenye ngazi, halafu geti la kanisa saa nane mchana. Pesa ya kambi usiiguse wala usiilipe popote. Ukishatoka getini niandikie walikujibuje, hasa lile swali la mtu mzima mmoja chumbani, na ustadhi naye akisema ua upo nijulishe. Kuna wamama wengine wawili wa Namuwongo walioniandikia shida kama yako mwezi huu, na huko si mbali na kwako.

Shangazi